Siku Ambazo Mzee Mbaka Hakuandika

Watu wa Kangeta wakisikia kwamba binti wa fulani ameajiriwa na serikali kazi ya kutazama mawingu, kwanza hucheka, kisha huomba namba yake ya simu. Ndivyo ilivyokuwa kwa Makandi. Baba yake, mzee Gikunda, ambaye maisha yake yote yamo kwenye miraa, alizunguka soko zima akiwaambia watu kwamba mtoto wake sasa anafanya kazi ya mvua, na tangu siku hiyo simu ya Makandi haikupumua. Huyu anataka kujua kama aanike maharagwe yake kesho. Yule anamwoza mwanawe Jumamosi, tafadhali afanyiwe mpango. Hata pasta alipiga, kwa upole, kuuliza kama krusedi yao ya kuhubiri uwanjani iko salama. Makandi aliwajibu wote. Alikuwa na furaha, kwa nini nifiche? Mtu akikaa nyumbani miaka mitatu na cheti chake kwenye bahasha, siku simu inapoanza kulia kwa heshima ni lazima afurahi.

Cheti chenyewe alikitoa Nairobi, kwenye chuo cha serikali cha hali ya hewa, baada ya miaka miwili ya hesabu na fizikia iliyowatoa wenzake jasho. Huko waliamshwa gizani wakasome vipimo: joto, unyevu, upepo, mawingu ya aina gani na yamefunika anga kiasi gani. Walifundishwa kwamba mvua hupimwa saa tatu kamili asubuhi, si saa tatu na dakika tano, na kwamba anayebuni kipimo kwa uvivu ni mwizi kama wezi wengine. Makandi alikuwa mwanafunzi wa kufuata sheria. Iliyomkaa kichwani kuliko zote ni hii, na wewe ishike: kwenye kadi ya mvua, siku isiyo na mvua huandikwa sifuri. Siku iliyoachwa wazi ni siku ambayo msomaji hakusoma, kipimo chake kimepotea, na kilichopotea hujazwa kwa hesabu kutoka kituo cha jirani. Ni sheria nzuri, sina ugomvi nayo.

Alipomaliza chuo, serikali ilikuwa haiajiri. Akarudi Kangeta, akafundisha hesabu shule ya msingi kama mwalimu wa bodi, mshahara unakuja wazazi wakipenda. Alipeleka maombi mpaka akachoka kuhesabu bahasha. Mwaka wa tatu akaitwa kwenye mahojiano, na miezi miwili baadaye barua ikaja: Embu. Gikunda akafurahi, maana Embu ni karibu, ni kushuka tu. Kumbe haikuwa Embu ya chai na baridi. Ilikuwa Embu ya chini, Mbeere, kwenye joto na miiba, ambako mtu wa milimani akifika wiki ya kwanza anakunywa maji kama ng'ombe. Kituo chenyewe, ambacho jina lake nitaliacha, kilikuwa nyumba moja ya mabati, kiwanja kilichozungushiwa waya, kompyuta moja na mkubwa mmoja, Bwana Munyi, aliyebakiza miaka minne astaafu.

Bwana Munyi alimpokea vizuri, akamwonyesha stoo. Ndani mlikuwa na makatoni ya kadi za mvua za miaka ishirini na sita, zilizojazwa na wakulima wa kujitolea waliowekewa vipima mvua kwenye boma zao. Aliyekuwa akizishughulikia, Muthamia, alikuwa amestaafu kabla Makandi hajaja, akaenda zake Kinoru kufuga kuku. Kazi ya kwanza ya Makandi ikawa kuziingiza zote kwenye kompyuta. Miezi minne alikaa na vumbi lile. Hakuna aliyemsukuma. Alijisukuma mwenyewe, mpaka saa ya chakula inapita, kwa kuwa alitaka ionekane kwamba aliyeajiriwa ni mtu wa kazi.

Kadi za kijiji cha Kiambiti ndizo zilizomsumbua. Zilikuwa za mzee mmoja aitwaye Mbaka, mwandiko safi, wino uleule wa bluu miaka yote, lakini zina nafasi tupu chungu nzima. Mei kuna nafasi tupu. Novemba, mwezi ambao mkulima wa Mbeere anautegemea kuliko mwingine, unakuta wiki mbili, wiki tatu, hakuna kitu. Makandi akamhukumu mzee wa watu bila kumwona. Akasema moyoni huyu ni mmoja wa wale wanaotoroka kazi, leo yuko sokoni, kesho yuko matangani. Akafanya alivyofundishwa: akachukua vipimo vya kituo cha juu, kule wanakochuma chai, akavipunguza kwa hesabu ya kitaalamu, akajaza nafasi zote. Jedwali likapendeza. Kutoka ofisini hadi Kiambiti ni kilomita kumi na nne, na pikipiki zipo. Angeenda akauliza. Hakwenda.

Mwanzoni mwa Septemba utabiri wa msimu ukatoka makao makuu: mvua za vuli zitakuwa za kawaida. Sasa "kawaida" ni neno kubwa, na kazi ya kituo ni kulishusha hadi kijijini, kumwambia mtu wa Kiambiti kawaida ya shamba lake ni ipi na apande nini. Makandi akafungua jedwali lake, likamwambia kwamba Novemba ya Kiambiti haina ukame mrefu, mvua inaachia siku tatu nne kisha inarudi, na mahindi yanaweza kukomaa. Akaandika kurasa tatu. Bwana Munyi alizisoma zote, akaweka sahihi, akasema Muthamia hakuwahi kuwaletea kitu kama kile.

Baraza la chifu lilifanyika kanisani kwa sababu ya jua. Pakaombwa sala, Makandi akasimama. Kimeru chake na Kimbeere chao ni ndugu, lakini ndugu wa mbali, kwa hivyo alisema Kiswahili na chifu akatafsiri. Alisema kuna uwezekano mkubwa, alisema si hakika, alisema yote aliyofundishwa kusema. Chifu naye ni mtu wa kufupisha, akawaambia watu kwamba serikali imeona mahindi. Ukumbi ukachangamka. Usiwacheke. Mtama ni chakula, ndengu ni chakula, lakini mtu wa huko akiwa na mahindi ghalani hutembea kifua mbele, na kwa miaka wamekuwa wakiambiwa na maafisa kwamba mahindi si ya watu wa joto. Sasa amekuja msichana mpole mwenye karatasi, amewaambia yanawezekana.

Mzee mmoja mwembamba, amevaa koti licha ya joto, akainuka. "Mimi ndiye Mbaka," akasema. "Mimi ndiye napima mvua hapa Kiambiti. Miaka yote hii najiuliza hizo kadi huwa zinaenda wapi. Leo nimejua. Kama madam amehesabu hesabu zangu akaona mahindi, basi mimi ni mahindi."

Watu wakampigia makofi. Mkewe, Karimi, alikuwa ameketi upande wa akina mama, akauliza bila kusimama, "Na ndengu zetu?" Alikuwa na debe la mbegu alilolihifadhi kwa majivu tangu msimu uliopita. Akaongeza kwamba tangu aolewe Kiambiti, mwaka wa mahindi anaukumbuka mmoja tu. Makandi akamjibu kwa heshima, akamwonyesha mchoro wenye mistari. Karimi aliutazama mchoro akanyamaza, kwa maana utabishana vipi na mchoro? Wiki hiyo Mbaka alibeba lile debe la ndengu hadi sokoni, akabadilishana na mtu kwa mbegu za mahindi. Ekari mbili na nusu, zote mahindi, wala hakubakiza mstari mmoja wa akiba.

Na huko chini hawangoji mvua ndipo wapande. Mbegu huingia kwenye vumbi kavu ikangoja humo humo, ili tone la kwanza lisipotee. Kwa hivyo ikishapandwa imepandwa, hakuna kubadili nia. Mvua ilianza tarehe ishirini Oktoba, na ilianza vizuri. Mahindi yakatoka kijani, mistari imenyooka. Makandi alipita Kiambiti na pikipiki akayaona, akapiga picha, akamtumia baba yake.

Tarehe sita Novemba mvua ikakatika.

Siku tano hakujali. Siku ya nane akaanza kufungua kompyuta mara tatu kwa siku, akitazama ramani za siku kumi zijazo, na ramani zilikuwa nyeupe. Siku ya tisa alidamka, akapanda pikipiki hadi kwa Mbaka, akijiambia anakwenda kukagua kipima mvua kama kimeziba. Alifika saa tatu kasoro. Saa tatu kamili, wala si na dakika tano, mzee alitoka nyumbani na koti lake, akaenda kwenye kipima mvua, akakifungua, akachungulia ndani, akakifunga. Kadi ilikuwa mfukoni. Hakuitoa.

"Mzee, huandiki?" Makandi akamuuliza.

"Niandike nini, madam? Hakuna kitu."

"Kama hakuna kitu, unaandika sifuri."

Mbaka akacheka kidogo. "Baba yangu alikuwa anatukanya tukiwa wadogo. Njaa haiitwi kwa jina, ukiita itaitika. Sasa mimi nikae hapa nijaze karatasi sifuri, sifuri, sifuri, mwezi mzima. Si ndiyo kuita huko? Kukikauka naacha wazi. Mtu akiona anaelewa."

"Kwa hivyo hizo siku zote umeacha wazi," Makandi akasema, "ulikuwa umesoma?"

"Kila siku. Hata siku ya kumzika mama nilisoma kwanza, ndio nikaenda kaburini. Muthamia alikuwa anajua. Alikuwa anakuja hapa tunakunywa chai, hakuwahi kuniuliza."

Muthamia alijua, na alichojua alistaafu nacho. Hakukiandika popote, wala hakuna aliyempigia simu kumuuliza. Makandi aliketi juu ya jiwe la kufulia la Karimi. Akaziona Novemba zote alizozijaza kule stoo. Hazikuwa siku zilizopotea. Zilikuwa siku za jua, zimesomwa na mtu mwaminifu saa tatu kamili, na yeye Makandi akaziwekea mvua ya kule juu kwenye chai. Mvua yote ile iliyowapa watu wa Kiambiti mahindi ilikuwa imenyesha ofisini.

Alimwambia. Usidhani alijificha. Alimwambia, "Mzee, nimekosea. Ile hesabu ya mahindi nilikosea mimi." Akaeleza mara ya kwanza, akaeleza ya pili, polepole. Mbaka alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akampa pole. Akasema mvua ni ya Mungu, hakuna ofisi inayoweza kuifunga, asijiumize roho bado ni msichana mdogo. Ni afadhali angemtukana. Makandi alitamani sana mtu amtukane siku ile.

Karimi ndiye aliyeelewa. Alileta uji, akampa, akasimama mbele yake na sinia. "Kwa hivyo ndengu ilikuwa sawa," akasema.

"Ilikuwa sawa, mama."

Karimi akaitikia kwa kichwa, akangoja amalize, akachukua kikombe akaenda kukiosha.

Kesho yake Makandi alimwekea Bwana Munyi karatasi mezani. Alikuwa amekesha nazo, amefuta mvua yake yote ya uongo na kuweka sifuri mahali pake, na Kiambiti halisi ikatokea: karibu kila Novemba hukauka wiki mbili na zaidi, wakati ambao ndengu huwa imeshatoa maua na hindi ndiyo kwanza linataka maji. Munyi alisoma, akainuka, akafunga mlango. Si mtu mbaya.

"Unataka tufanye nini?" akauliza.

"Tuwaambie watu, bosi."

"Tuwaambie nini? Wang'oe? Wapande nini, kwa maji gani? Nikitoa tangazo leo kwamba tulikosea, litawasaidia na nini?" Munyi akashusha pumzi. "Andika barua. Nitaipeleka juu."

Akaandika. Barua ikaenda juu. Baada ya siku sita ikarudi na swali, je, viambatisho viko wapi? Akaviambatisha. Ikaenda tena. Wakati huo wote mahindi ya Kiambiti yalikuwa yamefika magotini yakasimama hapo, majani yamejikunja asubuhi na mapema kama ya mchana. Kila jioni Makandi alisimama kwenye kiwanja cha kituo akiangalia wingu lililojaa upande wa mlima. Lilikuwa wingu zito, la mvua kweli, alijua jina lake na urefu wake. Lilinyeshea huko huko kwenye chai, halikuteremka.

Nyumbani kwao kwenye milima ya Nyambene nako kulikuwa kukinyesha. Miraa ilichipua, wanunuzi wakafurika Kangeta mpaka Laare. Gikunda alipiga simu sauti imejaa furaha. "Watu wanasema ni wewe umeileta," akamwambia. "Wanasema tukununulie mbuzi."

"Sawa, Baba," Makandi akajibu. Angemwambia nini? Alishika tama kitandani mpaka kukapambazuka.

Kila Jumamosi alikuwa akienda Kiambiti. Hakuwa na kazi ya kufanya huko, na kwa kweli hata nguo za kufua alikuwa nazo, lakini alikwenda. Mara moja alibeba unga wa kilo nne na sukari, Karimi akapokea kwa mikono miwili, akamshukuru, akamwombea. Makandi alirudi akilia juu ya pikipiki, dereva akajifanya hasikii. Na Mbaka, kwa kuwa madam alikuwa amemwomba, alianza kuandika sifuri. Aliziandika kwa wino wake wa bluu, moja kila asubuhi, kisha akamtumia kwa simu. Saa tatu na dakika mbili simu inatetemeka: Kiambiti 0. Hakuamini kwamba ni jambo la busara. Alilifanya kwa utii tu. Mwisho wa Novemba Karimi aliacha palizi. Wiki ya kwanza ya Desemba aliingiza mbuzi shambani wakale mabua, maana hata hayo yangekauka bure. Makandi alipouliza watakula nini mpaka msimu wa Machi, Mbaka alisema Mungu yuko, Karimi akasema watakula mbuzi, kisha hakusema baada ya mbuzi ni nini.

Tarehe kumi na tatu Desemba mvua ikateremka Mbeere. Iligonga mabati ya kituo mchana kutwa mpaka Bwana Munyi na Makandi hawakusikizana. Hakuna aliyecheka. Makandi alitazama ramani zake akaona ni mvua ya siku nne, labda tano, kisha jua mpaka Machi. Ndengu yenyewe, yenye haraka kuliko mazao yote, inahitaji miezi miwili.

Asubuhi yake, saa tatu na dakika mbili, simu haikutetemeka. Ililia.

"Madam, milimita arobaini na saba," Mbaka akasema, na alikuwa kama mtu aliyepata mtoto. "Nimepima mara mbili. Ulituambia itakuja, na imekuja. Watu wamejaa hapa kwangu wananiambia nikushukuru."

"Asante, mzee," Makandi akasema.

"Sasa tumekaa tukasema hatupandi kienyeji tena. Tunangoja wewe. Mbegu shemeji yangu wa Siakago amekubali kutupa, hata kama ni ya mwisho aliyonayo. Wewe tuambie tu ni mbegu gani."

Makandi alikuwa na ramani mbele yake na jibu alikuwa nalo. Nyuma ya sauti ya mzee alisikia akina mama wakiongea, na jembe likigonga jiwe.

"Madam? Uko?"

"Niko, mzee."

"Fikiria polepole, hatukusukumi," Mbaka akasema. "Karimi na wenzake wameamka saa kumi na moja kuwahi unyevu. Tumeshalima shamba lote."